Mwana wa Mwami: Bahati au Juhudi?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu nipate kulipa deni dogo. Muhula uliopita wanafunzi wa madarasa ya juu walinialika, mimi mwanafunzi wa zamani wa shule hii, niwe mwamuzi wa mjadala wao. Hoja ilikuwa kwamba mtu hufanikiwa kwa bahati yake, wala si kwa juhudi zake. Pande zote mbili zilisema vizuri. Mwisho akasimama kijana mmoja wa upande wa bahati, akamtaja Louis Rwagasore. Akadai kwamba mtu yule alifika alikofika kwa kuwa alizaliwa mwana wa mfalme, na kama angalizaliwa mwana wa fundi cherehani asingalijulikana hata mtaa wa pili. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Upande wa juhudi haukupata la kujibu, nami nilipotakiwa kutoa hukumu nikaomba muda nikafikiri. Basi hukumu yangu ni hii. Nimeiandika kwa kuyafuata maisha ya mtu huyo tangu mwanzo hata mwisho, maana naona hoja zote mbili zimo ndani yake.

Kwanza yanipasa kukiri jambo. Swali hili lanihusu mimi mwenyewe. Nilipofanya mtihani wa kuingia sekondari, nilikuwa na rafiki niliyekaa naye dawati moja miaka yote ya shule ya msingi, na miaka yote hiyo alinishinda katika hesabu. Siku ya mtihani alikuwa na homa ya malaria, akawa anatetemeka juu ya karatasi yake. Mimi nikapita, yeye akaanguka. Leo ni fundi wa baiskeli karibu na soko, tena fundi hodari, lakini ndani ya shule hii hakuingia. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kila aliyefaulu alistahili, na kila aliyeanguka ni mvivu, siwezi kumkubalia. Nilikuwa pale, niliona.

Sasa nirudi kwa Rwagasore.

Alizaliwa tarehe 10 Januari 1932 huko Gitega, katikati ya nchi. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne, ambaye aliwekwa juu ya kiti cha ufalme mwaka 1915 angali mtoto mdogo, na mama yake alikuwa Thérèse Kanyonga. Siku zile nchi yetu iliitwa Urundi, nayo ilifungwa pamoja na Ruanda chini ya Wabelgiji, waliokuwa wamewarithi Wadachi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wabelgiji hawakuuondoa ufalme. Waliuacha usimame, wakatawala kwa mikono ya machifu, na wengi wa machifu hao walikuwa Waganwa, yaani watu wa uzao wa kifalme. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ile alizaliwa na nusu ya safari amekwisha kuipita. Hakuchagua baba wala hakufanya kazi yoyote ya kumstahili. Hapa upande wa bahati wana haki yao, nami nawapa bila kinyongo.

Tena si baba peke yake. Alisoma katika shule za wamisionari, na mwaka 1945 akapelekwa Astrida, mji ambao baadaye uliitwa Butare, huko Rwanda. Shule ile iliongozwa na Mabruda, na ndiyo iliyokuwa shule kubwa kuliko zote kwa watu wa nchi hizi mbili. Humo walifundishwa wana wa machifu, na makarani, na wasaidizi wa madaktari na wa waganga wa mifugo. Nafasi zilikuwa chache mno. Fikirini, mwaka ule ule aliozaliwa yeye walizaliwa watoto wangapi juu ya vilima vya Gitega? Na katika hao, wangapi walikuwa na akili kama yake, wakamaliza maisha yao nyuma ya ng'ombe au katika shamba la kahawa la mtu mwingine? Hakuna kitabu kilichoandika majina yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alivuka bahari akaenda Antwerp, Ubelgiji, katika chuo kilichofundisha mambo ya utawala wa makoloni. Hilo nalo lilikuwa jambo la nadra kwa kijana wa Urundi. Lakini hakuna anayemkumbuka kwa alama zake za darasani.

Kama maisha yake yangaliishia hapo, mjadala wetu ungalikwisha. Tungalisema kwamba alikuwa kijana aliyebahatika, basi. Lakini sikilizeni aliyoyafanya aliporudi.

Katikati ya miaka ya 1950 alipokuwa amerejea nyumbani, njia rahisi ilikuwa mbele yake. Angaliweza kupewa eneo la kutawala, akajenga nyumba nzuri, akapokea heshima za watu, na kila mwaka Serikali ingalimsifu kwa utulivu wake. Waganwa wengi walifanya hivyo, wala hapana aliyewalaumu. Yeye alishuka kutoka milimani, akaja hapa mjini kwetu, siku hizo ukiitwa Usumbura, akaanza kushirikiana na wafanya biashara wadogo.

Wenzangu mliozaliwa juzi huenda hamjui Buyenzi ilikuwa nini wakati ule. Wakazi wake walikuwa Waswahili, watu wa asili za Ujiji, na Kongo ya mashariki, na pwani, na bara ya Tanganyika, waliokuja kwa misafara na kwa biashara na kwa kazi za Wazungu. Wengi walikuwa Waislamu. Walikaa katika viwanja vya mji ambavyo Serikali iliviweka nje ya utawala wa machifu, na kwa hiyo watu wa milimani waliwahesabu kuwa wageni hata kama baba zao walizikwa hapa. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na cherehani moja barazani na marobota machache ya kitambaa. Alituambia mara nyingi shida yao ilivyokuwa. Bidhaa zilishikwa na makampuni ya Wazungu na maduka makubwa ya wageni. Mchuuzi mweusi alinunua kwa bei ya juu, hakupewa mkopo, na faida iliyobaki mkononi mwake haikutosha kumnunulia mtoto viatu.

Mwaka 1957 Rwagasore alisimamisha chama cha ushirika cha wafanya biashara wa Burundi. Maana yake ilikuwa nyepesi: mtu mmoja hana nguvu ya kuagiza mzigo, lakini watu mia wakiweka faranga zao pamoja wataagiza, watauza kwa bei nafuu, na faida itabaki kwao. Waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa watu wake wa kwanza. Mwana wa Mwami, Mkatoliki wa Astrida, alikaa na wachuuzi Waislamu wa mjini akapiga nao hesabu za nguo na chumvi. Na tuulize, je, jambo hili nalo ni bahati? Kuzaliwa kwake hakukumlazimisha. Kuzaliwa kwake kulimvuta upande wa pili.

Ushirika ule haukufanikiwa. Haukumaliza miaka mingi, madeni yakaulemea, na Serikali, ambayo tangu mwanzo iliutazama kwa jicho la wasiwasi, haikuwa na haja ya kuuokoa. Nasema haya waziwazi kwa kuwa katika maisha ya watu mashuhuri tumezoea kuruka kurasa za namna hii. Mwana wa mfalme alianguka, tena mbele ya watu wote. Jina la baba yake halikulipa deni hata moja.

Lakini alipata kitu katika kuanguka kule. Alipata watu. Wale wachuuzi walimjua sasa kwa uso na kwa kazi, na njia zao za biashara zilipita kila soko na kuvuka ziwa hata Kigoma. Naye alitambua ya kwamba haiwezekani kuikomboa mifuko ya watu bila kuikomboa nchi. Upande wa pili wa ziwa, Tanganyika, chama cha TANU kilikuwa kimekwisha kushika moto, na Julius Nyerere, naye mtoto wa mtemi, akawa rafiki na msaidizi wake. Basi Rwagasore akaingia katika siasa pamoja na wenziwe, katika chama kilichoitwa UPRONA, yaani umoja wa maendeleo ya taifa. Chama kilitaka uhuru upesi, ufalme wenye katiba, na Wahutu na Watutsi na Waganwa na Waswahili kukaa chini ya dari moja.

Mwaka 1959 Wabelgiji walimpa uchifu wa Butanyerera, kaskazini, katika nchi ya kahawa. Wako wanaosema kwamba walitaka apate shughuli ya kumweka mbali na siasa. Aliupokea, lakini haukumfunga, na baada ya muda aliipa siasa nguvu zake zote.

Sasa nafika mahali ambapo kijana wetu wa mjadala hakupataja. Mwaka 1960 ile bahati ya kuzaliwa ikageuka ikawa pingu. Mwezi wa Agosti ulifanyika mkutano huko Brussels juu ya mambo ya Urundi, na ikakatwa shauri kwamba ndugu wa karibu wa Mwami wasigombee vyeo vya siasa. Sharti hilo halikutaja jina la mtu, lakini kila mtu alijua ni nani aliyekusudiwa. Rwagasore naye alikuwa akiwahimiza watu wagome, wasinunue katika maduka ya wakoloni wala wasilipe kodi. Tarehe 27 Oktoba akawekwa kizuizini nyumbani. Alipokuwa ndani, watu wakapiga kura za mabaraza ya wilaya. Chama cha PDC, kilichopendwa na Serikali, kikapata viti 942 kati ya 2,876, na UPRONA kikapata 545 tu. Alipofunguliwa mwezi wa Desemba, kazi ya miaka mitatu ilikuwa imelala chini. Mwezi wa Januari 1961 ikaundwa serikali ya muda, na UPRONA hakikushika usukani.

Mtu anayetegemea bahati angalirudi nyumbani hapo. Angalikuwa na udhuru mzuri pia, maana sheria ilimzuia, na hakuna mtu ambaye angalimcheka.

Yeye alianza upya. Alizunguka nchi kilima kwa kilima, na watu wake wakafanya vivyo hivyo, Wahutu na Watutsi, wafanya biashara, waalimu na wanawake wa masoko. Huko New York, Umoja wa Mataifa, uliokuwa na dhamana juu ya nchi yetu, ulizibana mbavu za Wabelgiji hata vizuizi vya kisiasa vikaondolewa, na wajumbe wakaja kuangalia uchaguzi. Tarehe 18 Septemba 1961 nchi nzima ilipiga kura. UPRONA kikapata viti 58 kati ya 64. Tangu kura za mabaraza hazikupita miezi kumi.

Hapa nawaomba tupime kwa mizani ya haki. Upande wa bahati watasema kwamba jina la Mwami lilimvutia kura, na ni kweli, kwa sababu watu walimpenda Mwami wao. Watasema pia kwamba bila Umoja wa Mataifa asingalipata ruhusa. Nayo ni kweli. Lakini watazameni wapinzani wake. Wakubwa wa PDC walikuwa wana wa Chifu Baranyanka, Waganwa kama yeye, wa nasaba kubwa, wasomi kumpita, na Serikali ilikuwa nyuma yao. Ikiwa damu ya kifalme ndiyo iletayo ushindi, mbona iliwaletea hao viti vichache hivyo? Na jina la Mwambutsa halikuwa jipya mwaka 1961. Lilikuwapo mwaka 1960, viti vikawa 545. Lilikuwapo mwaka 1957, ushirika ukaanguka. Kilichozidi mwaka 1961 ni miguu yake na miguu ya wenziwe.

Tarehe 28 Septemba akawa Waziri Mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 29. Wengi wenu mnaosoma gazeti hili mna kaka wa umri huo.

Wiki mbili baadaye, usiku wa Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1961, alikuwa akila chakula katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa, hapa mjini. Mtu aliyejificha gizani akampiga risasi, akafa. Aliyefyatua bunduki alikuwa Mgiriki jina lake Jean Kageorgis. Alikamatwa, akahukumiwa, akauawa tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya bendera ya uhuru kupanda. Baada ya uhuru kesi ilifunguliwa tena, na mwezi wa Januari 1963 watu watano wengine, wakiwamo viongozi wa PDC, walinyongwa huko Gitega. Babu yangu alisema kwamba asubuhi ya pili baada ya risasi ile cherehani za Buyenzi hazikusikika.

Wako watakaosema kwamba hapo bahati ilimgeuka. Mimi sikubali neno hilo. Radi ikimpiga mtu njiani, hiyo ni bahati mbaya. Lakini watu walikaa wakapanga, wakatafuta bunduki, wakamtafuta wa kuifyatua, kwa kuwa mtu huyu aliwashinda katika kura. Kama angalikuwa mwana wa mfalme aliyekaa kimya nyumbani kwake asingaliuawa. Kazi yake ndiyo iliyomwinua na kazi yake ndiyo iliyomfanyia maadui. Juhudi hazikumhakikishia maisha marefu. Wazee wetu walipotuambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, hawakuahidi kwamba kila ainamaye atakipata, wala kwamba akikipata atakaa nacho.

Bahati mbaya, ikiwa ipo, ilikuwa yetu sisi. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 bila yeye, na mji huu ukabadilika jina ukawa Bujumbura. Chama chake kiligawanyika. Waziri Mkuu mwingine, Pierre Ngendandumwe, aliyekuwa mwenzake, naye aliuawa Januari 1965. Mwaka 1966 ufalme ukaondolewa, na mwaka 1972 damu ikamwagika juu ya vilima vyote kwa namna ambayo wazee wetu hata leo huisimulia kwa sauti ya chini. Je, yeye angaliyazuia hayo? Siwezi kusema. Najua tu kwamba ile dari moja aliyoitaka ilibomoka, na kwamba wengi waliokufa walikuwa watoto ambao hawakuchagua walizaliwa kwa nani, kama yeye asivyochagua.

Kaburi lake liko Vugizo, juu ya kilima. Nilikwenda huko baada ya mjadala wenu. Ukisimama pale waona mji wote chini yako, mabati ya Buyenzi, ziwa, na ng'ambo milima ya Kongo. Kila mwaka tarehe 13 Oktoba watu hupanda kuweka mashada ya maua. Nilisimama nikamfikiria yule rafiki yangu wa dawati moja.

Basi hukumu yangu ni hii. Upande wa bahati umeshinda juu ya mlango. Ni nani anayeingia Astrida, ni nani anayeingia katika shule yetu, ni nani aliye na homa siku ya mtihani, mambo hayo mengi hayakupimwa kwa mizani ya haki, na anayejisifu kwa ajili yake ajisifu pia kwa rangi ya macho yake. Upande wa juhudi umeshinda juu ya yale yafanyikayo ndani ya mlango. Hapo bahati haina mikono. Wana wengi wa wafalme walizaliwa katika nchi hizi, na majina yao yamesahauliwa. Huyu anakumbukwa kwa sababu alichukua kitu alichopewa bure akakitumia kwa ajili ya watu wasiopewa, akaanguka, akainuka, akalipa kwa maisha yake.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi, nami najiambia nafsi yangu kwanza. Kila mmoja wetu aliyekalia kiti katika shule hii yuko mtu nje ambaye angaliweza kukikalia. Pengine alikuwa na akili zaidi. Pengine alikosa karo, au alizaliwa msichana katika nyumba isiyosomesha wasichana, au alitetemeka kwa homa. Kiti hicho hatukupewa zawadi, tumekopeshwa, na mkopo hulipwa. Siku tunapoulizwa tulistahili au hatukustahili, jibu haliko katika cheti cha mtihani tulioupita. Liko katika kazi tuliyoifanya baadaye, na katika hesabu ya watu walionufaika nayo.

Juma lililopita nilimpelekea rafiki yangu baiskeli yangu iliyovunjika mnyororo. Nikamsimulia habari za mjadala. Akacheka, akafunga mnyororo, akakataa kupokea fedha. Nimemwomba mwanawe wa kwanza, anayefanya mtihani mwaka huu, aje kwangu kila jioni tusome hesabu. Amekubali. Mtoto ana kichwa cha baba yake, na mwezi wa mtihani nitahakikisha analala ndani ya chandarua.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Zamani
Buyenzi, Bujumbura